Jalada binafsi la mfanyakazi
Jalada binafsi ni faili ambamo mwajiri hutunza kumbukumbu za mfanyakazi: barua ya ajira, vyeti, likizo, maonyo, mshahara. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ahifadhi maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Katika kutunza jalada, uzito zaidi uko kwenye usiri wa taarifa za afya. Majibu ya kipimo cha VVU yakishanong'onwa masjala, hayarudi tena kuwa siri, na anayeumia ni mwenye jalada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Pia inampa mhusika haki ya kuona taarifa zake na kudai zirekebishwe.