Barua Zilizochelewa Njiani: Taharuki ya Dracula na Kisa cha Ujiji

Kutoka Rusimbi, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, si safari ya kumchosha mtu kufika Ujiji penye ukumbusho wa David Livingstone. Mgeni huoneshwa miembe inayosemwa kuwa ni kizazi cha mwembe ule ambao chini yake Henry Morton Stanley alimwamkia mzee yule mgonjwa mwaka 1871. Huhadithiwa ile salamu mashuhuri, kisha hadithi hukoma. Lakini salamu ni ncha tu ya kisa. Kiini chake ni karatasi: barua zilizoandikwa zisifike, barua zilizofika zimechelewa, na kurasa za shajara zilizochanwa. Kisa cha namna hiyo kina ndugu yake katika fasihi ya Kiingereza, nacho ni riwaya ya mnyonya damu, Dracula, iliyochapishwa London mwaka 1897.

Bram Stoker, mzaliwa wa Dublin, hakuikabidhi riwaya yake kwa msimulizi mmoja. Aliijenga kwa shajara, barua, telegramu na vipande vya magazeti. Kila mhusika huandika alijualo, akalala. Msomaji peke yake ndiye anayezisoma karatasi zote, na hapo ndipo panapozaliwa mambo mawili. La kwanza ni taharuki, yaani kutojua litakalotokea. La pili ni kinaya cha kidrama, yaani kulijua jambo ambalo mhusika mwenyewe halijui. Kwa desturi mambo haya huvutana, kwani ajuaye hana sababu ya kushtuka. Stoker ameyafunga kwa kamba moja: msomaji anaijua hatari, asilolijua ni kama habari zake zitawafikia wahusika kwa wakati.

Mifano iko wazi. Jonathan Harker, kijana wa ofisi ya mwanasheria, anajikuta mfungwa katika ngome ya mwenyeji wake. Anawarushia Wajipsi waliopiga kambi uani barua mbili. Jioni barua zote mbili zimo mkononi mwa Dracula, na ile asiyoweza kuisoma anaitia motoni. Huko Uingereza, mama yake Lucy, kwa huruma ya mzazi, anayaondoa maua ya kitunguu saumu yaliyowekwa kumkinga mwanawe, akafungua dirisha apate hewa safi, na asubuhi anaisimulia kazi yake hiyo kwa furaha. Profesa Van Helsing anapeleka telegramu ya kumtaka Dakta Seward akeshe nyumbani kwa Lucy usiku ule ule. Jina la jimbo halikuandikwa, telegramu inapelekwa kusiko, nayo inafika ikiwa imechelewa saa 22. Rafiki wa Lucy anamwandikia habari tamu za ndoa yake, na juu ya barua tunasoma kwamba mwandikiwa hakuifungua. Hakuna upanga wala radi katika mambo haya. Ni posta tu iliyochelewa, na wema uliokosa habari.

Sasa tuirudie Ujiji. Livingstone aliingia mji huo Machi 1869, hana nguvu, akakuta sehemu kubwa ya vitu alivyopelekewa imekwisha kuibwa. Aliandika barua zipatazo arobaini, akatafuta wa kuzichukua hadi pwani. Wafanyabiashara waliokuwepo, wengi wao watu wa pwani na visiwani, walizichukia barua hizo, kwa kuwa walijua zinaweza kueleza habari za biashara ya watumwa. Isipokuwa chache, hazikufika. Ulaya na Marekani zikabaki zikijiuliza kama mtu yule yu hai, hali yeye alikuwa amekwisha kujibu.

Na zilizomjia nazo zilikuwa na msiba wao. Kulikuwa na mfuko wa barua uliotiwa alama ya Novemba 1, 1870, ambao ulipelekwa bara ukakwama Unyanyembe. Stanley aliukuta huko, akauchukua, na ukamfikia mwenyewe Ujiji mwaka mmoja baada ya tarehe ile. Hata siku ya kuonana kwao haina mapatano: Stanley aliandika Novemba 10, hali shajara ya Livingstone inaiweka mwishoni mwa Oktoba. Kati ya barua zake za 1869 na kuja kwa Stanley, Livingstone alikuwa amekwenda Manyema, na Julai 15, 1871 akashuhudia sokoni Nyangwe mauaji ya watu wengi, wengi wao wanawake, kwa bunduki za wafanyabiashara. Waliozizuia barua zake mwanzoni walidhani wamemziba kinywa. Habari za Nyangwe ndizo zilizosafiri mbali kuliko zote, nazo zilisaidia kulifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Undugu wa visa hivi viwili si wa umbo tu. Stoker hakuliona Ziwa Tanganyika, ila waliolifikia alikaa nao mezani. Alikuwa meneja wa tamthilia ya Lyceum mjini London tangu 1878, na katika kitabu chake cha kumbukumbu za mwigizaji Henry Irving, kilichotoka 1906, amewataja wawili. Wa kwanza ni Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Hanning Speke Februari 1858, na ambaye mwaka 1870 alitoa kwa Kiingereza hadithi za Kihindi za mfalme Vikram na pepo akaaye katika maiti. Stoker anakumbuka jinsi mdomo wa juu wa Burton ulivyoinuka akizungumza, jino la chonge likang'ara. Wa pili ni Stanley, ambaye uso wake ulimwonekea Stoker kufanana na wa maiti kuliko wa aliye hai. Haitoshi kusema kwamba Dracula ni Burton au ni Stanley. Yatosha kujua kwamba sura za watu waliotoka Ujiji zilikuwa machoni pa mtunzi kabla ya riwaya kuandikwa.

Riwaya ile ina sharti moja ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulielewa upesi. Mnyonya damu hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza mpaka akaribishwe na aliyemo ndani. Akishakaribishwa, hurudi atakapo. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ujiji ilimpokea Stanley kwa milio ya bunduki na shangwe mwaka 1871. Alirudi 1876, akavuka ziwa. Mwaka 1879 alikwishaingia katika utumishi wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na kutoka 1885 hadi 1908 nchi ya ng'ambo ya ziwa ikawa mali ya mfalme huyo, watu wake wakikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Sisi tusomao leo tunajua. Waliotoka kumlaki hawakujua. Hicho ndicho kinaya kikubwa cha Ujiji, na hakuna mtunzi aliyekitunga.

Lakini msomaji wa riwaya amepewa karatasi za wote. Msomaji wa historia hakupewa. Kwa upande wetu tunayo maisha ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Humo tunamsikia akilalamika kwamba Stanley hakutimiza ahadi, japo mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Leopold huko Stanley Falls. Ni sauti ya thamani, lakini ni sauti ya mwenye bunduki. Waliopitishwa Ujiji shingo zao zikiwa katika kongwa hawakuacha shajara.

Walichoacha waliodhulumiwa, pengine, ni hadithi. Pwani watu walihadithiana habari za mumiani, watekao watu na kuwatoa damu iwe dawa. Kenya na Uganda wakawataja wazimamoto, Kongo batumbula, na Zambia banyama. Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi hizo katika kitabu cha mwaka 2000, akazisoma kama ushahidi wa jinsi watu walivyouelewa utawala wa kikoloni. Katika hadithi hizo pia msikilizaji anajua, na mpita njia wa usiku hajui.

Mwishoni mwa riwaya Harker anakiri kwamba katika lundo lao la karatasi hati za asili ni chache mno. Zilizobaki karibu zote ni nakala za taipureta. Stanley naye aliichana katika shajara yake sehemu inayohusu kuonana kwake na Livingstone. Salamu anayohadithiwa mgeni chini ya miembe ya Ujiji imesimama juu ya neno la Stanley peke yake, kwani Livingstone hakuiandika popote. Na waliokuwa wamesimama pembeni wakiisikia, hakuna aliyewauliza.