Watoto wa Majahazini: Waliookolewa Baharini na Waliowapokea Pwani

Ziko picha zilizopigwa mwaka 1868 juu ya sitaha ya Daphne, manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikivinjari bahari ya Afrika Mashariki kusaka majahazi ya watumwa, ambazo humdhihirishia mtazamaji jambo ambalo hati za mikataba na barua za mabalozi hulitaja kwa haraka na kulipita: wengi katika walioopolewa ni watoto. Wamechutama wamesongamana, magoti yamepanda kukaribia kidevu, mbavu zahesabika, na nyuso zao ni za mtu asiyejua kama bwana aliyempata leo ni mwema kuliko yule wa jana. Nahodha wa manowari ile, George Sulivan, alitunga kitabu juu ya misako hiyo, kikatoka mwaka 1873, na Waingereza wakakisoma kwa hamu. Walakini kisa cha watoto wale hakikuishia sitahani, na sehemu yake ya pili, iliyopita nchi kavu kwa miaka mingi na bila ya mizinga, haikupata msimuliaji hodari kama yeye.

Biashara ya watumwa iliwapenda watoto kwa sababu zilizo dhahiri. Mtu mzima huikumbuka njia ya kwao na huwaza kutoroka. Mtoto husahau upesi lugha ya mama yake, hutii, hula kidogo, na hufichika chini ya mikeka na magunia ya nafaka. Wala msomaji asidhani kwamba wote walitekwa vitani. Katika njaa iliyozishika nchi za nyuma ya Mombasa katika miaka ya 1880, wako wazazi waliowaweka watoto wao rehani kwa nafaka, wakitaraji kuwakomboa baada ya mavuno, na rehani nyingine hazikukombolewa kabisa.

Sheria za bahari zilikuja kwa kusitasita. Mkataba wa mwaka 1845 baina ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, na Uingereza, uliotumika tangu 1847, ulikataza kuwapeleka watumwa Arabuni, ila uliacha wazi njia ya kuwachukua kutoka Kilwa mpaka Lamu, na nahodha mwenye hila alijua kwamba aliyefika Lamu yu nusu ya safari ya Maskati. Mlango huo haukufungwa mpaka tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba mpya mbele ya Balozi John Kirk, na soko la Mkunazini, ambako madalali walikuwa wakiwatembeza watu mbele ya wanunuzi, likafungwa. Hata hivyo magendo hayakukoma. Mwezi wa Desemba 1881 Nahodha Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akilikagua jahazi lililopeperusha bendera ya Kifaransa.

Swali ambalo wenye manowari hawakuwa na jibu lake lilikuwa hili: mtoto akishaopolewa, apelekwe wapi? Kumrudisha kwao hakukuwezekana, maadamu njia ya kwao ilikuwa ndiyo njia ya misafara iliyomleta. Wengine walipelekwa Bombay, wakalelewa Nasik, na mmoja wao, Jacob Wainwright, ndiye aliyefuatana na maiti ya Livingstone mpaka London mwaka 1874. Wengine walishushwa Shelisheli, ambako tangu mwaka 1861 watu zaidi ya elfu mbili waliotolewa majahazini waligawiwa wenye mashamba kwa mikataba ya kazi. Na mtu aweza kuuliza kwa insafu, tofauti ya mkataba huo na utumwa ilikuwa kubwa kiasi gani machoni pa mtoto asiyejua kusoma kilichoandikwa ndani yake.

Unguja mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mwaka 1864 Sayyid Majid alimpa Askofu Tozer wa misheni ya Kiingereza wavulana watano waliokamatwa jahazini, na kutokana na hao watano ikaanza shule iliyokuja kujulikana kwa jina la Kiungani. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Na Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuuzwa utotoni, akawa kasisi mwaka 1890. Lakini lililo tukufu zaidi kwangu ni kwamba wavulana wa Kiungani walipewa kalamu. Waliandika kwa Kiswahili jinsi walivyotekwa, kila mmoja kisa chake, na A. C. Madan akavitafsiri visa hivyo kwa Kiingereza na kuvichapisha mwaka 1887. Mwaka uliofuata gazeti la Msimulizi likaanza kutoka papo hapo Kiungani. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa alipata kusema mwenyewe bei yake ilikuwa nini na nani aliyemuuza, na ushahidi wa namna hiyo haupatikani katika barua ya balozi yeyote.

Wasichana walipelekwa Mbweni, ambako Bibi Caroline Thackeray aliisimamia shule yao tangu mwaka 1877 kwa miaka mingi. Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 waliwapokea watoto waliotolewa majahazini, na wengine waliwanunua kwa fedha za sadaka kutoka Ulaya ili kuwakomboa. Nia ilikuwa njema. Lakini watoto hao waligawa siku yao baina ya darasa na jembe, na sehemu kubwa ya mashamba yale yaliyosifiwa na wageni, akiwamo mjumbe wa Uingereza Sir Bartle Frere, ililimwa kwa mikono yao. Walipokua waliozwa wao kwa wao, wakajengewa vijiji chini ya uangalizi wa misheni. Freretown nako, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa na kuitwa kwa jina la Frere huyo huyo, mwanzoni mwa miaka ya 1880 kulizuka mashtaka ya viboko vya kupita kiasi hata ikalazimu kufanywa uchunguzi. Kengele ya kijiji hicho ingaliko mpaka leo, na mtaa huitwa Kengeleni kwa ajili yake.

Sitaki nieleweke kwamba nawalinganisha walezi hao na wafanyabiashara wa Kilwa; huo ungekuwa uzushi. Nasema tu kwamba kulikamata jahazi ni kazi ya asubuhi moja, na kumhifadhi mtoto ni kazi ya kila siku kwa miaka kumi, na aliyeisifu ile ya kwanza aghalabu hakuwapo kuichunguza hii ya pili.

Hata amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyouondolea utumwa hadhi ya kisheria Unguja na Pemba, ilikuwa na kasoro iyo hiyo: mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akauombe. Mtu mzima aliweza. Kijakazi wa miaka minane, asiyejua mahakama iko wapi na asiyeruhusiwa kuvuka kizingiti bila ya idhini, angekwendaje?

Leo sheria zetu ni pana zaidi. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, isiyoruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa. Zanzibar ina yake ya mwaka 2011. Kenya imetunga mpya mwaka 2022. Walakini binti anayetolewa shamba kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, akafika akakabidhiwa ufagio, mtoto wa kubembeleza na godoro la jikoni, yumo ndani ya nyumba ambayo hakuna mkaguzi aingiaye, na mwenye nyumba humwita mwanangu mbele ya wageni. Mwenye kumwona ni jirani, na mwenye duka anakotumwa chumvi. Ewe msomaji uliye jirani huyo, Tanzania hata Kenya, piga simu namba 116. Ni ya watoto, na haitozwi hata senti moja.