Utafikia kwa Nani? Mtu wa Mandawa na Safari ya Makao Makuu

Msafiri anayeaga kijijini huulizwa mambo mawili kuhusu malazi, na maswali hayo hayafanani. "Utalala wapi?" ni swali la kitanda na paa. "Utafikia wapi?" ni swali la mahusiano. Huku Kusini watu hawatosheki hata na hilo la pili, husema moja kwa moja, "Utafikia kwa nani?" Katika swali hilo mji si majengo wala barabara. Mji ni mtu mwenye jina, aliyetangulia, atakayekufungulia mlango usiku bila kukuuliza utakaa siku ngapi.

Katika makala hii nataka kulifuata swali hilo katika historia, nikimchukua mtu wa Mandawa kama mfano. Mandawa ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Hadi mwaka 1995 Ruangwa haikuwa wilaya. Ilikuwa sehemu ya Nachingwea, na aliyehitaji saini ya mkuu wa wilaya alikwenda Nachingwea. Mkoa wa Lindi wenyewe ulizaliwa mwaka 1971, ulipomegwa kutoka Mtwara. Kwa hiyo mzee wa Mandawa aliye hai leo ameshuhudia makao makuu ya wilaya yakihama, ya mkoa yakihama, na hatimaye ya nchi yakihama, naye mwenyewe hajahama. Kila yalipohama, ilimbidi aanze upya kutafuta mwenyeji.

Tuanze na Dar es Salaam. Wajerumani waliifanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, wakiiacha Bagamoyo. Mwaka 1906 ilijengwa hoteli ya Kaiserhof, ambayo baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza waliipa jina la New Africa. Jina lilitaja Afrika. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Kanuni za ujenzi za utawala wa Kiingereza katika miaka ya 1920 ziliugawa mji katika kanda tatu kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa, na aina ya nyumba ikawa njia ya heshima ya kutaja rangi ya mtu. Ndivyo tulivyopata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama mpaka. Kwa mgeni Mwafrika, kuchagua pa kulala hakukuwa na maana. Kanda yake ilikwisha kuchaguliwa, na ndani ya kanda hiyo hapakuwa na hoteli.

Nitoe neno kidogo hapa kuhusu "hoteli". Kwa Waswahili wengi hadi leo, hoteli ni mahali pa kula. Ukimwambia mtu wa kijijini kwamba utakwenda hotelini, ataelewa kwamba una njaa. Pa kulala tukapaita "gesti". Sidhani kwamba jambo hili lilitokea kwa bahati tu. Nyumba ya kulaza watu kwa fedha iliingia katika maisha yetu kwa kuchelewa, wakati nyumba ya kulisha watu kwa fedha ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Chakula tulikubali kukinunua mapema. Malazi tuliendelea kuyaona kuwa haki ya mgeni kwa ndugu yake.

Ndugu huyo alikuwa Kariakoo, jina lililobaki kutoka kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita hiyo. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uwanja nyuma ilijengwa kwa kupangisha chumba kimoja kimoja, na katika chumba hicho kimoja aliyepanga alikuwa na haki ya kulaza mtu wa kwao. J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeuchunguza mji huo mwaka 1956 na 1957, aliona jambo hilo waziwazi: mgeni kutoka bara hakufika mjini peke yake hata kama alisafiri peke yake, kwa kuwa alikuja kwa jamaa aliyetangulia. Serikali haikuwa imejenga nyumba za kumpokea. Kilichompokea ni mtandao wa jamaa ambao haukuwamo katika ramani wala katika bajeti.

Hata siasa ya uhuru ilipita humo. Kwa mujibu wa maandishi ya Mohamed Said, Julius Nyerere alipoacha ualimu wa Pugu mwaka 1955 alifikia kwa Abdulwahid Sykes, Kariakoo, kabla ya kuhamia Magomeni. Kiongozi wa chama kilichokuwa kikidai nchi nzima hakuwa na pa kulala mjini ila kwa mwenyeji. Tunapoandika historia ya TANU tunaorodhesha mikutano na hotuba; tunasahau godoro, sahani ya wali na mama wa nyumba aliyepika kwa ajili ya watu ambao hakuambiwa watakuwa wangapi. Mimi naona hizo nazo zilikuwa michango ya chama, ingawa hazikukatiwa risiti.

Uhuru ulifungua milango ya hoteli kisheria. Mwaka 1965 ilifunguliwa Hoteli ya Kilimanjaro, ghorofa refu mbele ya bandari, iwe sebule ya taifa jipya. Wageni wa serikali walilala huko. Mkulima wa korosho kutoka Mandawa hakukatazwa tena na mtu yeyote. Alikatazwa na bei. Ubaguzi wa rangi uliondoka, na nyuma yake ukaonekana ukuta mwingine ambao rangi ilikuwa imeuficha.

Wakati huohuo mwenyeji wake naye alianza kuangaliwa na dola. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, na mgeni alipaswa kupelekwa kwake ajulikane. Wengi wetu tuliokulia katika mfumo huo tunaukumbuka kwa hisia mbili. Balozi alikulinda, maana ukipotea angejua ulikuwa wa nani. Lakini pia alikuhesabu. Mwaka 1983 ilipokuja Sheria ya Nguvu Kazi, hesabu hiyo ikawa na meno. Mtu asiyeweza kuonyesha kazi yake mjini aliweza kukamatwa na kurudishwa shamba. Fikiria hali ya mzee aliyekuja Dar es Salaam kufuatilia mafao ya mwanawe, akitembea na bahasha ya khaki, akiombwa kitambulisho cha kazi asichonacho kwa sababu kazi yake ni jembe, na jembe liko Mandawa. Neno "mgeni" lilikaribia kuwa na maana moja na "mzururaji".

Mtandao haukufa. Uligeuka. Katika miaka ya 1980 na 1990 vijana wa Lindi na Mtwara walimiminika Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi, wakilala wengi katika chumba kimoja, wa kwanza akimpokea wa pili, wa pili akimpokea wa tatu. Jina la Wamachinga wa Lindi likawa jina la wachuuzi wote nchini, hata la kijana ambaye hajawahi kuvuka mto Rufiji. Wasomi wameandika mengi kuhusu mitaji ya vijana hao. Mtaji wa kwanza, kwa maoni yangu, ulikuwa mkeka sakafuni kwa mtu wa kwao. Mmwera, Mmakua na Myao, ambao nyumbani kila mmoja anajua mipaka yake, mjini wakawa "watu wa Kusini", na makazi yao yakaelekea upande ambao mabasi yao yaliingilia: Temeke na Mbagala.

Barabara hiyo inastahili kusemwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea njia ilifungwa na watu walikwama. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule uliokufa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, iliunganisha Nachingwea na pwani ya Kusini tu, wala haikufika Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nayo ikasitishwa. Kwa hiyo aliyefika mji mkuu kutoka Mandawa alifika amechoka, bila uhakika wa siku ya kurudi. Gesti humtaka mtu anayejua ataondoka lini. Ndugu hakutaka kujua, ingawa methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ilikuwapo kumkumbusha mgeni adabu.

Sasa tuje Dodoma.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa na TANU mwaka 1973, na hoja kuu ilikuwa ya haki: Dodoma iko katikati, kila mwananchi aifikie kwa usawa zaidi. Ilitarajiwa kuhama kukamilike katika miaka kumi. Ikachukua zaidi ya arobaini. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahama kweli, na kiongozi mkubwa wa kwanza kutangulia, mwezi Septemba mwaka huo, alikuwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, kisha ikatungiwa sheria ya kuwa makao makuu. Wizara zikajengewa Mji wa Serikali kule Mtumba, kiasi cha kilomita 17 kutoka katikati ya mji kwenye barabara ya Dar es Salaam.

Hoja ya katikati ni ya kweli kwenye ramani. Kwa mtu wa Mandawa si ya kweli. Ili afike Dodoma, ama apite Lindi, Kibiti, Dar es Salaam na Morogoro, ama azunguke Masasi, Songea, Njombe na Iringa. Njia ya kwanza inampitisha katika makao makuu ya zamani ili afike katika mapya. Hilo la umbali limesemwa na wengi. Ambalo sijalisikia likisemwa vya kutosha ni kwamba serikali ilipohama ilihamisha mafaili, samani na watumishi, lakini haikuweza kuhamisha wenyeji. Karne nzima ya watu wa Kusini kujitengenezea pa kufikia ilibaki Mbagala. Dodoma mtu wa Mandawa hana shangazi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya safari hii analazimika kuuliza lile swali jingine, "Utalala wapi?", na kulijibu kwa fedha taslimu.

Mtumishi wa umma anayesoma makala hii anaijua Dodoma kwa namna tofauti. Anakwenda na posho ya kujikimu au masurufu, anadai risiti, anafanya marejesho. Hata akilalamika kwamba posho haitoshi, na mara nyingi haitoshi, safari yake ina kifungu. Mwananchi anayekwenda kumwona mtumishi huyohuyo hana masurufu ya kuomba wala ya kurejesha. Akifika wakati wa Bunge la bajeti, kati ya Aprili na Juni, anakuta vyumba vimejaa na bei zimepanda. Akichagua gesti ya bei nafuu Majengo au Chang'ombe, anakuwa karibu na soko na mbali na Mtumba, na nauli ya kwenda na kurudi inakula alichookoa. Mtu mwenye shughuli ya wizara namshauri aangalie upande wa Nzuguni, kwa sababu kituo kikuu cha mabasi kiko huko na barabara ya Mtumba ni hiyohiyo. Lakini ushauri huo unamfaa mwenye shughuli ya siku moja. Ofisi zetu zina desturi ya kusema "njoo kesho", na aliyepanga gesti huilipia kesho hiyo kutoka mfukoni mwake.

Hapo ndipo suala la malazi linapokuwa suala la uraia. Mwezi Novemba 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya baadhi ya wakulima yakachelewa, mkulima wa Ruangwa angemfuata nani? Bodi ya Korosho iko Mtwara, wizara iko Dodoma, benki ziko kila mahali na hazina jibu. Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna simu na mifumo ya mtandaoni. Nakubali kwamba simu imepunguza safari nyingi za bure. Lakini yeyote aliyewahi kufuatilia jambo gumu serikalini anajua kwamba kuna hatua ambapo faili haliondoki mezani mpaka mwenyewe aonekane kwenye benchi la nje. Na kukaa kwenye benchi siku nne kunahitaji usiku wa nne wa kulala.

Wakati viwanja vya Mtumba vilipokuwa vikigawiwa, balozi za nchi za nje nazo zilitengewa maeneo. Ni sawa, mgeni wa mbali huheshimiwa. Naona hata halmashauri zetu, Ruangwa na Nachingwea zikianza pamoja, zingeweza kuwa na nyumba ya kawaida Dodoma: vyumba kumi, uwanja nyuma, jiko, na mhudumu anayejua Mandawa iko wapi. Mashirika ya dini yamekuwa na hosteli za namna hiyo kwa muda mrefu, na hayakusubiri sera. Madiwani hupitisha kila mwaka fungu la safari za watumishi kwenda wizarani. Fungu la safari ya anayewapigia kura halimo.

Katika muda wa kungojea hayo, watu wamekwisha kujitafutia njia. Treni ya SGR ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na sasa safari kutoka Dar es Salaam haizidi saa nne. Wanafunzi wangu wanaotoka Kusini wananiambia kwamba wazazi wao wakiitwa wizarani hupanda basi hadi Mbagala, hulala kwa jamaa, huamka alfajiri kuwahi treni, hufanya shughuli yao Dodoma, na jioni hurudi Mbagala kulala. Makao makuu yako Dodoma. Pa kufikia bado ni Mbagala.