Moto kichaa una jina, anayeuzima hana

Kiswahili cha Tanzania kimeupa moto wa porini jina zuri: moto kichaa. Maofisa misitu wanalitumia, mabango yanalitumia, na mwenyekiti wa kitongoji akisimama mkutanoni mwezi Julai akasema jihadharini na moto kichaa, hakuna anayeomba ufafanuzi. Ugomvi wangu na jina hili ni mdogo. Linawafanya watu wadhani moto huo hauna kanuni, ilhali unazo, na kanuni zenyewe ni chache. Unafuata upepo, unafuata majani makavu, na unapenda kupanda mlima. Wataalamu wana kadirio lao: mwinamo ukiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huongezeka karibu mara mbili, kwa kuwa ndimi zake huyainamia majani ya mbele na kuyakausha kabla hazijayafikia.

Hilo la kupanda linaeleweka vizuri zaidi ukiwa Newala. Mji uko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na ukitoka hapo ardhi inaporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Masasi iko chini, upande wa magharibi, kwenye tambarare ya miombo na vilima vya mawe vilivyochomoza kimoja kimoja. Mvua zikikatika, kusi huanza kuvuma na nyasi hukauka. Mchana hewa ya bondeni hupata joto, hupanda na mtelemko na kuusukuma moto juu. Usiku hugeuka na kushuka. Anayelijua hilo hatasimama juu ya moto saa nane mchana akiwa na tawi mkononi.

Wanaouwasha wanajulikana kwa kazi zao: mwenye kuandaa shamba, mrina asali, mchoma mkaa, na vijana wanaowinda panya, maana panya wa porini kusini ni kitoweo na moto ndio njia rahisi ya kuwatoa mashimoni. Mwenye kuumia mara nyingi ni mwenye korosho. Mkorosho hutoa maua wakati huohuo wa kiangazi, majani yake makavu hutandazika chini ya mti, na shambani kunakuwa na salfa ya kupulizia ubwiriubwiri, ambayo nayo huungua na kutoa moshi unaokaba koo. Mti uliotunzwa kwa miaka kumi huweza kupotea kwa alasiri moja.

Hapo ndipo tunapofika kwenye istilahi. Ukimwuliza mtu moto huzimwa na nani, atajibu zimamoto. Ni neno lililoundwa vizuri, kitenzi na nomino vikishikana mkono, lakini limekwisha kuchukuliwa na ofisi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake, Na. 14 ya mwaka 2007, lina sare, vyeo na namba ya dharura 114. Magari yake hukaa mijini na hufanya kazi penye barabara na maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu unaonyonya mvua yote; vizazi vya wanawake wa huko waliteremka mabondeni na mitungi kutafuta maji, na hata leo mradi wa maji wa Makonde unayasukuma kutoka Mitema, chini kwenye bonde la Kitangari. Moto wa huko huzimwa bila maji, kwa matawi mabichi, majembe, mapanga na fyekeo.

Neno zimamoto lina doa jingine mitaani. Tukisema mradi umeendeshwa kwa zimamoto, tunamaanisha umefanywa haraka haraka, bila mpango, baada ya mambo kuharibika. Sijui nani aliwatendea maofisa wa zimamoto ubaya huu. Kuzima moto wa nyika ndiyo kazi isiyokubali zimamoto hata kidogo: nusu yake hufanywa Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, kwa kusafisha mipaka ya mashamba na kuchoma mapema vipande vilivyochaguliwa ili moto wa Septemba ukose cha kula.

Nusu ya pili ni uratibu. Neno hili tumelizoea kwenye semina, ambako mratibu ni yule anayegawa posho na kutangaza chai. Porini maana yake ni kali zaidi: ni kujua nani anasema tusogee na nani anasema tukimbie, na wote kumsikia mmoja. Tazama ramani ya Masasi na Newala. Zipo wilaya mbili, lakini halmashauri ni nne, kwa kuwa kila wilaya ina halmashauri ya mji na ya wilaya. Misitu ya hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Pori la Akiba la Msanjesi liko chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Msitu wa kijiji ni wa kamati ya maliasili ya kijiji. Zimamoto ni wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na kamati ya maafa ya wilaya ina mwenyekiti wake. Moto hausomi mipaka. Unaweza kuanza kwenye shamba la mtu, ukala msitu wa kijiji, ukaingia hifadhini na kutokea wilaya ya pili, na kila unapovuka, mwenye sauti anabadilika.

Wamarekani walijifunza hili kwa gharama. Mwaka 1970 mioto ya California iliwaka kwa siku 13 na kuua watu 16. Walipokaa kutathmini waligundua kwamba watu na magari vilikuwepo. Kilichokosekana ni lugha moja. Idara zilikuwa na redio zisizosikilizana na maneno yasiyolingana. Neno lilelile lililomaanisha gari la maji kwa kikosi kimoja lilimaanisha ndege ya kumwaga maji kwa kingine. Kutokana na hayo, miaka ya 1970 ukaundwa mfumo wa kuongoza matukio ya dharura ambao sasa umeenea duniani, na moja ya masharti yake ya kwanza ni kwamba kila kitu kiwe na jina moja, na redioni watu waseme maneno ya kawaida, siyo vifupisho vya ofisini. Kumbe kazi ya istilahi nayo ni kazi ya kuzima moto.

Sisi mtego huo tunao. Ukanda unaosafishwa ili moto ukifika ukome, wengi huuita barabara ya moto, na wengine njia ya moto. Mpigie simu mtu aliyetoka wilaya nyingine, mwambie "tukutane kwenye njia ya moto", naye hana hakika kama unampeleka mahali moto unapozuiwa au mahali unapopita. Kinga moto haina utata huo. Inasema kazi yake yenyewe, na ningependa ishinde.

Mwili wa moto nao una majina ambayo Kiswahili kinayapokea bila taabu. Mbele, unakokimbilia, ni kichwa. Pembeni ni mbavu. Nyuma, ulikoanzia na ambako umepungua nguvu, ni mkia. Mzimaji mwenye ujuzi huanzia mkiani, mguu mmoja ukiwa kwenye majivu, akapanda na ubavu mmoja huku wenzake wakipanda na wa pili, hadi kichwa kibanwe kati yao au kigonge kinga moto. Kukikabili kichwa uso kwa uso, hasa ukiwa juu yake mtelemkoni, ndiko kunakoua. Kabla ya kuanza, mambo manne yawe yamesemwa kwa sauti: mlinzi anayeutazama moto wote amesimama wapi, mnawasilianaje mtandao ukikatika, njia ya kutokea ni ipi, na mahali salama ni wapi. Mara nyingi mahali salama ni pale palipokwisha kuungua, penye weusi mtupu. Na wanaokuja na mashine za kupulizia salfa wasirudishwe: upepo wake hufagia majani makavu na kuacha mchanga wazi kwa kasi isiyofikiwa na fagio lolote, mradi tangi lioshwe kwanza salfa iishe.

Anayesimamia yote hayo aitweje? Wengi watasema kamanda. Sikubaliani. Kamanda kwetu ni cheo cha mtu, anakuwa nacho hata akiwa amelala, na kamanda wa mkoa hawezi kuwa kwenye kila mtelemko. Mfumo ule wa California unasema uongozi wa tukio ni kazi: wa kwanza kufika mwenye ujuzi anaishika, na akija mwenye uwezo zaidi anakabidhiwa kwa maneno, mbele ya wengine, ili isitokee saa moja moto una wakuu wawili au hauna hata mmoja. Msimamizi wa moto linatosha. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwa msimamizi wa moto kwa saa tatu, kisha akamkabidhi ofisa wa TFS bila mtu kushuka cheo.

Kisha wale wenye matawi. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka, na kwa hesabu ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, kuungua eneo la kilometa za mraba 95.5, mamia walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi, wanavijiji. Kwenye taarifa za mioto ya namna hii utaikuta sentensi tunayoijua sote: vikosi vya ulinzi kwa kushirikiana na wananchi. Mwananchi ni kila mtu. Ni yule aliyemeza moshi siku tatu, na ni yule aliyepiga picha barabarani. Huwezi kumpa fidia, bima wala mafunzo mtu ambaye kwenye karatasi ni "wananchi".

Tatizo hili halipo kwetu peke yetu. Marekani, watumishi wa serikali kuu waliozima mioto ya misitu waliajiriwa kwa miaka mingi kama mafundi sanifu wa misitu. Ni mwaka 2022 ndipo kundi la kazi lenye jina lao lilipoanzishwa rasmi. Siku ya wazima moto duniani, 4 Mei, nayo ina asili porini: ilianzishwa baada ya wazima moto watano wa kujitolea kufa huko Linton, Australia, tarehe 2 Desemba 1998, upepo ulipogeuka. Kwetu wanaolinda wanyamapori katika ardhi za vijiji tuliwapa jina, askari wa wanyamapori wa vijiji, na baada ya jina yakafuata mafunzo na sare. Jina halikuleta kila kitu, lakini bila hilo bajeti isingekuwa na mstari wa kuandikia.

Pendekezo langu ni mzima moto wa kijiji. Neno mzima lina bahati yake: ni anayezima, na pia ni aliye hai, na tungependa abaki hivyo. BAKITA, ambalo kazi yake tangu 1967 ni kuisimamia lugha hii, lingeweza kukaa siku moja na TFS na Jeshi la Zimamoto na kuyapitisha haya machache: kinga moto, kichwa, mbavu na mkia wa moto, msimamizi wa moto, mzima moto wa kijiji. Halmashauri nne za Masasi na Newala, pamoja na vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, ambavyo korosho za wanachama wao ndizo zinazoungua, zisisubiri hilo. Watendaji wa vijiji wafungue ukurasa mmoja kwenye daftari kabla ya Juni, waandike majina ya wazima moto wao, vifaa walivyonavyo, simu zao na jina la msimamizi wa kwanza. Akiumia mtu, iwe imeandikwa alikuwa nani na alikwenda kufanya nini.