Mto Nile: Cook Aliuza Tiketi, Manahodha Wakaijua Njia

Wageni wanaopanda meli ya kitalii mjini Luxor, kusini mwa Misri, mara nyingi hupita kwanza ndani ya meli nyingine. Gati halitoshi, hivyo meli hufungwa ubavu kwa ubavu, na msafiri huvuka ukumbi baada ya ukumbi mpaka aifikie yake. Siku tatu au nne baadaye huwa Aswan, akiwa ameshayaona mahekalu ya Edfu na Kom Ombo.

Katikati ya karne ya 19, kwenda Aswan kutoka Cairo na kurudi kulichukua miezi. Mgeni alifika Boulaq, bandari ya Cairo, akatafuta dahabia, chombo kirefu cha matanga chenye vyumba vya kulala. Akapatana bei na nahodha, wakaandikiana mkataba. Vitabu vya mwongozo vya Waingereza vilimshauri chombo kizamishwe kwanza mtoni, panya na wadudu wafe, ndipo apakie mizigo.

Mto wenyewe ulisaidia. Maji ya Nile huenda kaskazini, lakini upepo huvuma zaidi kuelekea kusini. Kwenda juu walitweka tanga. Kurudi walilishusha, wakapiga makasia na kuchukuliwa na mkondo. Upepo ukikatika, mabaharia walishuka ukingoni na kukivuta chombo kwa kamba. Hivyo ndivyo alivyosafiri mwandishi Amelia Edwards mwaka 1873, na kitabu chake cha 1877 kiliwavuta wengi.

Mvuke ulikuwa umeshaingia. Mwaka 1869, mwaka uleule uliofunguliwa Mfereji wa Suez, wakala wa safari wa Uingereza, Thomas Cook, alileta watalii wake wa kwanza kwa meli za kukodi. Mwanawe, John Mason Cook, akapewa na serikali ya Misri uwakala wa abiria wa mto huo. Mwaka 1884 meli hizo zilibeba askari wa Uingereza waliotumwa kumwokoa Jenerali Gordon, mwenzao aliyezingirwa kule Khartoum, Sudan. Zilichakaa vibaya, John Cook akaagiza mpya kutoka Uskoti. Safari nzima ikawa ya wiki tatu hivi, kwa nauli iliyojulikana kabla ya kuondoka.

Masimulizi mengi humsifu Cook na kuishia hapo. Si haki. Kila mwaka mafuriko yalihamisha mafungu ya mchanga, na ramani ya msimu uliopita haikumfaa mtu. Walioijua njia ni manahodha na marubani wa Kimisri na Kinubi, waliosoma kina kwa rangi ya maji na kukihakikisha kwa pondo. Bila wao, meli ya Uskoti ingekwama mchangani kabla ya kufika popote.

Meli ya mvuke Sudan, iliyoundwa mwaka 1921, bado inabeba watalii. Lakini mto wa manahodha wale umekwisha. Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, lilikomesha mafuriko na kuzamisha vijiji vya Wanubi. Makumi ya maelfu yao walihamishwa. Mahekalu ya Abu Simbel yaliokolewa kwa mchango wa mataifa, jiwe kwa jiwe. Watu waliowafikisha wageni kwenye mahekalu kwa vizazi walipoteza makwao, na historia ya utalii wa Nile inawadai nafasi ya mbele kuliko ya wauza tiketi.