Mti unaopukutisha majani kiangazi: usiukate ukidhani umekufa

Kiangazi kikikolea Morogoro, baadhi ya miti hubaki mitupu na watu huigeuza kuni wakiamini imekauka. Mmoja wa miti hiyo ni ule ambao wataalamu huuita Celtis africana. Ni mti wa asili unaoota kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na kwetu hupatikana Uluguru. Majina ya kienyeji hubadilika toka eneo moja hadi jingine, kwa hiyo tunautambulisha kwa dalili zake.

Gome ni laini, la kijivu cheupe. Jani lina mishipa mitatu inayoanzia kwenye kikonyo, na upande mmoja wa kitako chake ni mpana kuliko mwingine. Meno ya jani huwa zaidi nusu ya juu. Hapo ndipo unapotofautiana na mpesi, ambao jani lake lina meno pande zote hadi karibu na kikonyo. Matunda yake ni madogo, ya mviringo, kila moja likining'inia kwenye kikonyo chembamba. Yakiiva huwa ya manjano au kahawia, na ndege huyapenda.

Kwa nini unapukutisha? Majani hupoteza maji hewani. Udongo ukikauka, mti huyaangusha ili kuhifadhi maji kidogo uliyobakiwa nayo. Mvua zikikaribia huchipua tena, na maua madogo ya kijani hutoka pamoja na majani mapya.

Kabla ya kushika shoka, kwangua kijitawi kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu chini ya gome, mti ni mzima. Ukiona kahawia na ukavu, jaribu matawi mengine kabla ya kuamua.

Mbao zake ni nyeupe na ngumu, zinafaa kwa mipini ya majembe, ingawa zikikatwa mbichi hunuka. Ukitaka kuupanda, okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama na usie mbegu zikiwa bado mbichi.

Tukumbuke pia kwamba Mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam kwa maji, huanzia kwenye milima hii. Mizizi ya miti hushika udongo wa miteremko yetu. Ndani ya hifadhi, kukata mti bila kibali ni kosa. Ukiwa na shaka, muulize afisa misitu wa wilaya yako.