Kitufe Kinachobonyezwa Gizani

Novemba 10, 1935, nyumba moja iliwaka moto katika mtaa wa Wimpole Street, London, wakafa wanawake 5. Jirani aliyeuona moto alipiga simu, lakini akawekwa foleni kwenye swichibodi kana kwamba anataka kumjulia mtu hali. Hasira zake akazipeleka kwenye gazeti la The Times, na serikali ikaunda kamati. Juni 30, 1937, namba ya dharura 999 ikaanza kazi London.

Namba yenyewe iliwaumiza mafundi vichwa. 111 ilikataliwa kwa sababu nyaya zikigongana kwa upepo zingeweza kuipiga bila mtu. Tarakimu 9 ilikuwa karibu na mwisho wa duara la kupigia simu, hivyo kidole kingeipata hata gizani au ndani ya moshi. Tangu hapo mtihani ni uleule: wito wa dharura uwe mwepesi kwa aliyeshikwa na hofu, lakini usijipige wenyewe.

Baadaye redio za upepo za polisi zikawekewa kitufe cha dharura, mara nyingi cha rangi ya chungwa, karibu na antena. Askari aliyeangushwa hakulazimika kusema neno. Wengine wanaofanya kazi peke yao waliachwa hivihivi, na walichopata walikidai.

Wahudumu wa vyumba vya hoteli Chicago ndio mfano mkubwa kwangu. Mwaka 2016 chama chao, UNITE HERE Local 1, kiliwahoji wanawake wa hoteli na kasino, na asilimia 58 ya wa hotelini walisema wamewahi kudhalilishwa kijinsia na wageni. Oktoba 2017 baraza la jiji likapitisha sheria. Mwaka uliofuata hoteli zikalazimika kuwapa vitufe vya kuita msaada wanaoingia vyumbani peke yao. Seattle ilitangulia, kwa kura ya wananchi ya Novemba 2016. Watengenezaji wa vifaa hivyo hujisifia ubunifu, lakini ushindi huu ni wa wanawake wanaosukuma mikokoteni ya mashuka.

India iliamua suala la kitufe cha dharura kwa nchi nzima. Uchungu wa ubakaji na mauaji ya mwanafunzi mjini Delhi, Desemba 2012, ulichangia amri ya 2016: simu mpya ziwe na kitufe cha dharura kuanzia Januari 1, 2017. Kwenye simu ya kitochi unashikilia 5 au 9. Kwenye simu janja unabonyeza kitufe cha kuwashia mara 3.

Urahisi huo una gharama. Mwaka 2023 polisi wa Uingereza walizidiwa na simu za Android zilizopiga 999 zikiwa mifukoni, kwa kubonyezwa kitufe cha pembeni mara 5. Simu ya kimya ya namna hiyo haipuuzwi, maana huenda aliyepiga hawezi kusema.

Simu ngumu za kazini sasa zina vitufe vya kupangiwa kazi. Samsung XCover Pro ya 2020 ilikuwa na viwili. Mwajiri anaweza kupanga kugusa mara moja kuwashe tochi, na kushikilia kutume wito wa dharura. Napinga kuchanganya hivyo: mkono unaotetemeka hautofautishi kugusa na kushikilia. Cha dharura kitengwe. Na kabla mlinzi hajakabidhiwa simu, aambiwe kwa jina nani atapokea wito wake saa 9 usiku, kisha wajaribu kitufe hicho pamoja.